Taarifa za Kata Zirudi Vijijini

Kila baada ya miezi mitatu madiwani wa Halmashauri ya Wilaya ya Buhigwe hukutana, kama wakutanavyo wenzao wa Kasulu, Kibondo na wilaya nyinginezo za nchi hii, na kazi yao ya kwanza ni kutoa taarifa za kata. Husimama diwani wa Munanila akasoma, akaketi. Husimama wa Kilelema, kisha wa Muyama, wa Janda, wa Mugera, hata kata zote ziishe. Husomwa habari za shule na madawati, za zahanati na dawa, za maji, za barabara, za pembejeo, na za ulinzi na usalama. Mwenyekiti hushukuru, maswali mawili matatu huulizwa, wakuu wa idara hujibu, na siku ya pili Baraza huingia katika taarifa za kamati zake za kudumu. Hayo ndiyo yaliyozoeleka.

Siku hiyo ya kwanza huonwa na watu wengi kuwa ni ya kupitisha wakati tu. Sisi tunaiona kuwa ndiyo siku iliyo kubwa kupita zote katika kazi ya Halmashauri, na tunasikitika kwamba inaelekea kugeuzwa kuwa siku ya kusomeana karatasi. Taarifa ya kata ni amana. Imetoka kwa watu, nayo ni haki ya watu. Lakini mara nyingi hutokea kwamba taarifa hupanda kutoka ofisi ya Mtendaji wa Kata hadi makao makuu ya wilaya, ikasomwa, ikafungiwa jaladani, na mwenye mali asijue ni nini kilichosemwa kwa jina lake, wala ni jibu gani alilojibiwa.

Jambo hili si dogo, na wenye kudhani kuwa ni dogo yafaa wakumbushwe tulikotoka. Utawala wa machifu ulipofutwa mwaka 1963, nchi hii ilizitegemea halmashauri za wilaya kuwa mahali pa mwananchi pa kusemea. Mwaka 1972, katika mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, uliotayarishwa kwa ushauri wa kampuni ya Kimarekani ya McKinsey, halmashauri hizo zilivunjwa. Zilikuwapo Halmashauri za Maendeleo za Wilaya, ndiyo, lakini nguvu ilikuwa mikononi mwa watendaji walioletwa kutoka Serikali Kuu. Madaraka yaliambiwa yaende mikoani, nayo yalikwenda, yakiwa ndani ya mkoba wa ofisa.

Nasi wa Mkoa wa Kigoma tuna kumbukumbu yetu ya mwaka huo. Ulikuwa ndio mwanzo wa Operesheni Kigoma ya kuwahamishia watu katika vijiji. Wazee wa milima ya Buha hawajasahau ilivyokuwa kuhamishwa kwa haraka kutoka kwenye migomba iliyokwisha kukomaa. Nia ya vijiji ilikuwa njema. Shule, zahanati na maji haviwezi kumfuata kila mtu mlimani kwake. Lakini yafaa kujiuliza ni makosa mangapi ya kupima ardhi na kuchagua mahali yangaliweza kuepukwa kama lingalikuwapo baraza lenye mamlaka, na ndani yake mtu wa Manyovu wa kusimama na kusema: hapo mlipopachagua hapana maji, na bonde hilo hujaa wakati wa masika.

Miji ilionja uchungu huo mapema zaidi. Bila ya mabaraza, taka zilirundikana, mitaro ikaziba, na kipindupindu kilipozuka katika miaka ya 1970 Serikali ikaona haina budi kurudisha halmashauri za miji kwa sheria ya mwaka 1978. Wilaya za vijijini zilingoja sheria za mwaka 1982, na mabaraza yakaanza kazi tena mwaka 1984. Mwaka huo huo Mwalimu Nyerere, akiulizwa na jarida moja la ng'ambo ni mambo gani asingeyarudia kama angaliweza kuanza upya, alitaja mawili: kufuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika. Kiongozi mkuu wa nchi alikiri hadharani kwamba si sawa kuitawala wilaya kwa watendaji peke yao. Ndiyo maana ya diwani. Naye diwani asiyesema ya watu wake, au asemaye yale tu aliyoandikiwa, aturudisha mwaka 1972 akiwa amevaa joho la mwaka 1984.

Tuchukue mfano mmoja, nao ni wa maboma. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa mwaka 2007 uliazimia kwamba kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Utaratibu uliofuatwa na vijiji vingi nchini ni kwamba wananchi huanza kwa nguvu zao, hupandisha boma hadi kwenye lenta, kisha Halmashauri na Serikali Kuu huleta mabati, mbao, milango na fundi wa kumalizia. Katika milima yetu kuanza kwa nguvu zao maana yake ni kufyatua tofali, kuponda mawe, kuchota mchanga bondeni na kuupandisha kichwani. Na mwenye kuupandisha, tuseme ukweli, mara nyingi ni mwanamke aliyekwisha kulima tangu alfajiri. Boma likafika kwenye lenta. Taarifa ya kata ikasema kwamba ujenzi wa zahanati unaendelea vizuri na umefikia hatua ya lenta. Robo iliyofuata taarifa ikasema maneno hayo hayo. Na iliyofuata.

Sasa mvua za huku huanza Oktoba au Novemba zikaendelea hadi karibu na Mei. Tofali lisiloezekwa halistahimili masika mengi. Majani huota ndani ya chumba kilichokusudiwa kuwa cha kujifungulia, ukuta hupasuka, na huku karatasini ujenzi ungali unaendelea vizuri. Siku Mtendaji wa Kijiji atakapopiga mbiu ya kuchimba msingi wa nyumba ya mwalimu, atashangaa kuona wamekuja watu wachache, na ataandika katika taarifa yake kwamba mwamko wa wananchi ni mdogo. Mwamko haukuwa mdogo. Ulitumika wote kwenye boma lile, na hakuna aliyerudi kuwaambia wenye nao lilikwama wapi.

Diwani aliyekwenda kuliangalia boma hilo angaliweza kusema mengine. Angalisema lilifika kwenye lenta mwezi gani na mwaka gani. Linahitaji mabati mangapi. Lilitengewa kiasi gani katika makadirio ya mwaka na kiasi gani kilitoka. Aliandikiwa nani, naye alijibu nini. Taarifa ya namna hiyo haina mapambo, haijazi kurasa nane, na humkosesha raha mkuu wa idara. Hiyo ndiyo kazi yake.

Hapa tuseme neno juu ya lugha. Zamani viongozi wetu walisema shida, tatizo, kasoro, uzembe, wizi. Siku hizi yote hayo yamefunikwa blanketi moja linaloitwa changamoto. Kisima kimekauka: changamoto. Mhasibu amekula fedha: changamoto. Mtoto amefia njiani kwa kukosa gari la wagonjwa: changamoto. Na kila changamoto iko katika mchakato. Neno likitumika kwa kila kitu halielezi kitu chochote, na hilo huwafaa wale wasiotaka kuulizwa. Twawasihi madiwani wetu warudie Kiswahili cha kawaida. Mwizi aitwe mwizi, baada ya kuthibitika. Kisima kilichokauka kiitwe kisima kilichokauka.

Kiswahili ndiyo lugha ya Taifa, na hatukipunguzii heshima tukisema kwamba taarifa iliyoandikwa kwa maneno ya ofisini haimfikii mama mzee aliyezoea Kiha. Diwani ajapo mkutanoni aeleze kwa Kiswahili, na pale inapobidi aeleze kwa Kiha, ili asiwepo mtu wa kuitikia asichokielewa.

Tungekuwa waonevu kama tungewatwisha madiwani mzigo wote. Wapo, nasi twawafahamu, ambao huzunguka vijiji vyao kwa miguu na kwa pikipiki za kuazima, na ambao huzungumza barazani hata Mwenyekiti akawataka wafupishe. Na lipo jambo ambalo wananchi wengi hawajaelezwa vya kutosha. Tangu Julai 2017 barabara za vijijini na mijini zimo mikononi mwa wakala wa Serikali Kuu, yaani TARURA. Tangu mwaka 2019 maji ya vijijini yamo mikononi mwa RUWASA. Hizo ni taasisi mbili zisizowajibika moja kwa moja kwa Baraza. Kwa hiyo mwananchi humchagua diwani, humwuliza habari za daraja na bomba, na diwani huyo hana amri juu ya daraja wala bomba. Alichobaki nacho ni sauti. Ikiwa sauti hiyo nayo ataitumia kusoma kwamba hali inaridhisha, amebaki na nini?

Kwa sababu hiyo twaona ni lazima maofisa wa TARURA na RUWASA wa wilaya wawemo ukumbini siku ya taarifa za kata, tangu mwanzo hata mwisho, wajibu kwa majina ya vijiji na kwa tarehe. Mahali wanapofanya hivyo pastahili pongezi. Mahali wanapotuma barua ya udhuru, Mwenyekiti aisome kwa sauti. Barabara ya lami ya Mwandiga hadi Manyovu, na ile ya Manyovu, Kasulu hadi Kabingo iliyojengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ni mambo makubwa yaliyoutoa mkoa wetu gizani, na tunayashukuru. Lakini maharage, kahawa na ndizi haviotei kando ya lami. Huota kule ndani, mahali ambapo kalavati moja likizolewa na maji mkulima huuza kwa bei anayoitaka mchuuzi.

Taarifa ina miguu miwili: mmoja wa kupanda na mmoja wa kushuka. Huu wa kushuka ndio uliolemaa zaidi. Katika Bajeti ya mwaka 2017 Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dk. Philip Mpango, ambaye ni mwenyeji wa Buhigwe hii hii, alitangaza kwamba ushuru wa mazao utapunguzwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Na kwamba mtu asafirishaye mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine hatatozwa. Yapasa kila mwenye gunia tatu za maharage aendaye sokoni aijue haki hiyo kama ajuavyo jina lake, ili akisimamishwa kwenye kizuizi aweze kumwuliza mkusanya ushuru kwa adabu anatoza kwa sheria gani. Kazi ya kumjulisha ni ya nani kama si ya diwani, ambaye ndiye huketi katika Baraza linalotunga sheria ndogo za ushuru?

Mfano mwingine wa mguu huo ni mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo sheria huzitaka halmashauri ziwatengee wanawake asilimia 4, vijana 4 na watu wenye ulemavu 2. Mwaka 2023 Serikali iliisimamisha mikopo hiyo nchi nzima, kwa kuwa fedha nyingi hazikurejeshwa na ukaguzi ulifichua vikundi hewa. Ikarudishwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Sisi twauliza swali la kijijini. Kikundi hewa huishi wapi? Huishi katika orodha isiyosomwa. Kama majina ya kila kikundi kilichokopeshwa, pamoja na kiasi chake, yangalisomwa katika mkutano mkuu wa kijiji, asingekosekana mzee wa kuinuka na kusema kwamba kikundi hicho hakijui, na kwamba huyo anayeitwa katibu wake alihamia Kigoma mjini mwaka juzi. Wakaguzi kutoka Dodoma huhitaji miezi mingi kuyabaini hayo. Kijiji huyajua kwa robo saa.

Sehemu ya ulinzi na usalama twaitaja kwa uangalifu. Katika taarifa za kata sehemu hii mara nyingi ni sentensi moja, nayo husema hali ni shwari. Sisi tulio mpakani twajua thamani ya sentensi hiyo. Milima ya Manyovu imepokea majirani kutoka Burundi mwaka 1972, mwaka 1993, na tena mwaka 2015, ambapo maelfu kwa maelfu waliingia kwa Kagunga ziwani na kwa Manyovu huku juu kabla ya kupelekwa Nyarugusu. Waliowaona kwanza wageni wale, wakawapa maji na mihogo, ni wanavijiji, kabla ya ofisa yeyote kufika. Maradhi yaingiapo, au mifugo iibwapo, au vijana wanapoletwa mashambani kufanya kazi kwa ujira wa dhuluma kwa sababu hawana karatasi, mwenyekiti wa kitongoji ndiye ajuaye kwanza. Yapo ya kusemwa hadharani na yapo ya kusemwa kwenye kamati ya ulinzi, na kiongozi mwenye busara huyatenga. Lakini kuandika shwari kwa mazoea ni kuiziba masikio wilaya nzima.

Kwa makada wenzetu tuna neno pia. Mwaka 2010 majimbo manne ya mkoa huu yalichukuliwa na NCCR-Mageuzi, na mabaraza yetu yalikuwa na kelele nyingi. Wapo waliochukizwa nazo. Mwaka 2020 Chama Cha Mapinduzi kilitwaa karibu viti vyote vya udiwani nchini, na kelele zikaisha. Ukimya si ushahidi kwamba mambo yamenyooka. Chama kisicho na wa kukisuta ndani ya ukumbi hakina budi kijisute chenyewe, kama ilivyoagiza ibara ya 15 ya Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, ambayo iliwakataza viongozi majivuno na dharau kwa wananchi. Diwani wa CCM anayesimama kusema kwamba fedha za choo cha shule zimeliwa hakisaliti Chama. Anayekisaliti ni yule anayejua na kunyamaza ili jina lake lisikatwe wakati wa kura za maoni. Watu wa milima hii ni wapole, lakini mwaka 2010 ulionyesha kwamba hesabu wanaijua.

Sheria ya mwaka 1982 imekwisha kutoa njia. Mkutano mkuu wa kijiji sharti ufanyike walau mara moja kila miezi mitatu. Kamati ya Maendeleo ya Kata yaongozwa na diwani mwenyewe, wenyeviti wote wa vijiji ni wajumbe wake, na Mtendaji wa Kata ni katibu wake. Baraza nalo hukutana kila miezi mitatu, na milango yake i wazi kwa wananchi na waandishi. Ngazi zote tatu zipo, na mwendo wake ni mmoja. Kilichokosekana ni kuzipanda kwa mpangilio, mkutano wa kijiji ukitangulia na Baraza likifuata, kisha kuzishuka. Ukumbi kuwa wazi hakumfaidii sana mkulima wa Kilelema ambaye kwenda Buhigwe na kurudi ni siku nzima ya kulima iliyopotea na nauli juu yake. Wilaya hii iliundwa mwaka 2012 kwa kuimega Kasulu, kusudi Serikali isogee karibu. Haijasogea ikiwa kilichosogea ni jengo tu.

Wengine watasema kwamba mikutano ya vijiji haina watu. Ni kweli kwamba sehemu nyingine haijai. Watu wamechoka kuitwa kusikiliza michango mipya bila ya kusomewa mapato na matumizi ya michango ya zamani. Waiteni wasomewe majibu yao, mtawaona wamekuja na vigoda.

Robo za mwaka wa fedha huisha tarehe 30 Septemba, 31 Desemba, 31 Machi na 30 Juni. Hakuna awezaye kusema kwamba ameshtukizwa. Twapendekeza kwa Mwenyekiti wa Halmashauri na Mkurugenzi Mtendaji kwamba, kuanzia mkutano ujao, kila diwani kabla hajaanza kusoma aulizwe ni siku gani alipeleka kijijini majibu ya robo iliyopita, na muhtasari wa mikutano hiyo ya vijiji, wenye saini za wenyeviti, uwekwe mezani pamoja na taarifa yake. Asiyekuwa nao asinyimwe nafasi ya kusoma, lakini iandikwe katika kumbukumbu za Baraza kwamba iliyosomwa ni taarifa ya Mtendaji wa Kata, na kwamba ya wananchi bado inangojewa.